Posa Iliyoingia Tangawizi

Hedwiga alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia tangu wageni waketi. Posa ya kwanza, miaka ya nyuma, ilivunjwa na mdomo wa baba yake, Mzee Anderson. Safari hii alikwisha kumbembeleza asubuhi yote: baba, leo sikiliza tu. Mzee akaitikia, akavaa koti lake la ibada.

Mambo yalikwenda vizuri. Asheri, baba mdogo na mshenga wa Loth, kijana aliyekuja kumposa, alizungumza kwa utaratibu, na Loth mwenyewe aliketi kimya, kofia magotini. Hedwiga akaingia na chai. Asheri akanywa funda moja, akatabasamu.

"Tangawizi hii ndiyo yenyewe. Mbegu aliyoileta babu yetu hapa Vudee."

Mzee Anderson akaweka kikombe chini.

"Aliyeileta nani?"

"Babu yetu, Mzee. Aliibeba kichwani toka bondeni. Ninyi wote mlichukua kwake."

"Baba yangu alikuwa anavuna tangawizi, ninyi bado mnauliza huliwa mzizi au majani."

Loth akajikohoza. "Wazee wangu, tusifike huko. Tumekuja kwa jambo jema." Hedwiga akashusha pumzi. Lakini Loth hakuishia hapo. "Ingawa kusema kweli, hata wazee wa kanisani wanajua mbegu ilitoka kwetu."

Hedwiga alijua kabisa kwamba ilimpasa kunyamaza. Lakini maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Babu yako alikuja kuiomba hapa uani kwetu, amevaa kaptula ya kuazima."

Hakuna aliyecheka. Asheri akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Loth alimtazama Hedwiga kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akavaa kofia.

"Tumesikia," alisema Asheri. "Kwaherini."

"Mlango mnaujua," akajibu Mzee Anderson.

Walipotoka, Hedwiga alibaki ameshika sinia. Miaka yote alikuwa akimlaumu baba yake. Leo baba aligombana, naam, lakini aliyemdhalilisha mtu ni yeye. Akalitua sinia mezani, akatoka mbio migombani, akamkuta Loth kwenye kijia, nyuma ya baba yake mdogo aliyekuwa ametangulia kwa hasira.

"Loth, subiri."

Akasimama bila kugeuka.

"Ile kaptula niliitunga. Sijawahi kuisikia kwa mtu. Nisamehe."

"Na mbegu?"

Angeweza kumkubalia, mambo yakaisha. Ulimi ukakataa.

"Mbegu ni ya kwetu."

"Hapo hatutaelewana, Hedwiga."

"Sijakuomba tuelewane hapo. Nakuomba urudi ndani."

Loth aligeuka. Uso wake ulikuwa bado umekaza. "Tutakuwa tunagombana hivi kila siku?"

"Sijui. Nadhani ndiyo. Ila sitakutungia tena uongo."

Loth alitazama kijia alikopotelea Asheri, akatazama nyumba. Kisha akarudi, Hedwiga nyuma yake.

Mzee Anderson hakuwa ameondoka kitini. Loth akavua kofia.

"Shikamoo, Baba. Nimerudi peke yangu. Bado namposa Hedwiga."

Mzee hakuitikia salamu. Akamgeukia binti yake.

"Unamtaka mtu anayesema babu yako alikuwa mwombaji wa mbegu?"

"Namtaka, Baba."

Mzee akasugua goti, akatazama nje.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Kesho kutwa ulete mshenga mwingine. Asiwe wa ukoo wenu."