Mabidoni Matupu ya Saa Kumi

Dusabe alikuwa akijisifu kwenye mashine ya mawese kwamba kutoka soko la Rumonge mpaka Kigwena hakuna sikio linaloijua roki ya magitaa kama lake. Kisha yeye mwenyewe, kabla mtu hajambishia, akaongeza kwamba siku alipoisikia kwa mara ya kwanza alitoka mbio kwenda kuanua nguo, akidhani mvua ya mawe inapiga mabati.

Wanawake walicheka huku wakisukuma mti wa mashine, wakizunguka na kuzunguka, mafuta mekundu yakichuruzika chini. Dusabe hasukumi tena, magoti yamekataa. Kazi yake ni kuosha mabidoni, madumu ya mafuta: anatia mchanga na maji ya moto, anatikisa, anamwaga, ananusa. Siku hiyo alikuwa ameinamisha bidoni la manjano ili limalize kudondoka, ndipo saa kumi ikafika na mtu akakohoa ndani yake.

"Amahoro, Rumonge," bidoni likasema. "Hapa ni Melkiades wenu. Shikeni paa!"

Magitaa yakaanza.

Melkiades alikuwa mdogo wake Dusabe, na matanga yake yalikuwa yameisha juzijuzi tu. Dusabe akaligeuza bidoni, akachungulia ndani, hakuona kitu isipokuwa mchanga kidogo.

"Umechelewa," akaliambia. Akaliweka juu ya jiwe ili wengine wasikie vizuri, na wale wa mashine wakabadilisha mwendo, wakafuata ngoma kama walivyozoea.

Dusabe ndiye aliyembeba Melkiades mgongoni walipokimbilia Tanzania. Wakati wa kurudi alikataa kumbeba, maana alishaota ndevu. Wenzao waliteremka kwenye malori na majembe, masufuria na kuku. Melkiades aliteremka na katoni ya kaseti za roki aliyoachiwa kambini na Mzungu mmoja fundi wa visima. Watu walimhurumia. Walidhani safari imempiga kichwani.

Redio Mukeke ya pale mjini ilimpa kipindi cha saa kumi ya mchana, saa ya jua na usingizi ambayo hakuna aliyeitaka. Mji ulilalamika kidogo, halafu ukanogewa. Kabla ya kila wimbo alipiga kelele, "Shikeni paa!" na kweli kulikuwa na wazee walioinua macho kutazama dari. Kisha alitoa dedikasi zake. Hakuzitoa kwa wakubwa. "Wimbo huu ni wa Sabrina pale ufukweni, aanike ndagala zake bila wasiwasi, mvua haiji." Mvua ilipokuja, kesho yake alimpa Sabrina wimbo mwingine wa kuomba radhi, mrefu zaidi.

Halafu siku moja akashika tumbo katikati ya wimbo. Daktari akasema ni Bujumbura, na ni leo leo. Redio ilikuwa na pikapu. Direkta wake, Bwana Venanti, akafungua mikono yote miwili, akasema pikapu iko, lakini esansi hakuna hata tone. Nani angembishia? Wakati huo penuri, uhaba wa mafuta ya gari, ilikuwa imekaba nchi nzima, magari yalikuwa yanalala mbele ya pampu kavu kama ng'ombe mbele ya birika tupu. Nuhu, dereva wa taksi-moto na rafiki wa marehemu, alikuwa ameigeuza pikipiki yake kamba ya kuanikia nguo za watoto. Ndiye aliyeazima baiskeli, akamfunga Melkiades nyuma yake kwa kitenge cha Dusabe, akakanyaga kufuata ziwa. Melkiades alikata roho kabla hawajafika Kabezi. Nuhu akageuza baiskeli, akarudi naye.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka pale pikapu ya redio ilipoonekana Kigwena, harusini, ina maua mbele. Dusabe akamwuliza Venanti ilifikaje huko.

"Iliteremka yenyewe, mama. Mteremko tu."

Barabara ya Kigwena imelala sawasawa kama mkeka. Dusabe alitaka jambo moja tu: kama kweli siku ile esansi haikuwepo, yeye angelia kama watu wengine na kunyamaza. Kama ilikuwepo, alitaka aliyeinyima aseme hivyo kwa mdomo wake, mbele ya watu.

Basi mabidoni yakaendelea. Kila saa kumi, kila bidoni tupu la Rumonge lilikohoa na kusalimu. Ilibidi liwe tupu kabisa. Kikombe kimoja cha mawese kilichobaki chini kilitosha kulinyamazisha, na maji vilevile, na hata uji. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Kila anayeosha mabidoni alilijua kwa mkono wake. Wanawake wakaanza kumwaga masalio kabla ya saa kumi. Wafanyabiashara wa mafuta wakanung'unika kwamba marehemu anawatia hasara, kisha nao wakamwaga, maana walitaka kusikia kama wametajwa.

Mwenyewe hakubadilika. Alitoa dedikasi zake, alimkosea Sabrina kuhusu mvua, akamwomba radhi. Jambo lililomchoma Dusabe lilikuja mwishoni, kila siku, kwa sauti ileile ya upole: "Na namsalimu Direkta wetu. Pole, Bwana Venanti, kwa penuri. Najua ungekuwa nayo ungenipa."

"Mujinga wewe," Dusabe aliliambia bidoni. "Umekufa na bado hujaerevuka." Akaweka mdomo kwenye shingo ya bidoni, akamweleza habari za harusi ya Kigwena, za maua na za mteremko. Bidoni likapiga gitaa. Redio inasema tu, haisikii.

Venanti alifurahishwa sana na salamu hizo alizosimuliwa na watu. Yeye hakuwahi kuosha bidoni maishani mwake. Alichojua ni kwamba mabidoni yanaongea, na kwamba redio yake, ambayo sasa saa kumi ilipiga matangazo ya sabuni, haikuwa na msikilizaji. Akaandaa sherehe ya kumkumbuka marehemu kwenye ua wa redio, saa kumi kamili. Wakaalikwa watu wa komini, mapadri, masheikh, na mji mzima, kila mtu na bidoni lake. Dusabe aliwekewa kiti cha mbele, chenye kitambaa. Nuhu akasimama nyuma yake.

Venanti alizungumza kwa muda mrefu. Alisema marehemu alikuwa kama mdogo wake yeye. Alisema siku ile angekuwa na uwezo angembeba kwa meno. Kisha akanyoosha kidole kwenye stoo.

"Mule ndani muna mabidoni ya esansi ya redio. Siku ile yalikuwa matupu, na matupu mpaka leo. Nilifunga stoo kwa mkono wangu, sikuruhusu mtu ayaguse, ili yabaki ukumbusho. Leo Melkiades atasema nasi kupitia haya haya!"

Watu wakapiga makofi. Walinzi wakaenda kuyatoa. Waliubeba ule utupu wawili wawili kwa kila bidoni, mishipa ya shingo imewatoka, na mmoja akaomba apumzike njiani. Makofi yakapungua. Mabidoni yakapangwa mbele ya wageni, yana vumbi na nyuzi za buibui, na bidoni la mwisho lilipotua chini, udongo ukasema *du*.

"Iko nzito, hii hewa," Nuhu akanong'ona.

"Ni huzuni," Dusabe akamjibu. "Huzuni ina kilo."

Saa kumi ikafika. Ua mzima ukakohoa.

"Amahoro, Rumonge! Shikeni paa!"

Kila bidoni tupu lililokuwa mikononi na mapajani mwa watu likawaka kwa magitaa. Kiti cha padri kilitetemeka. Mabidoni ya redio tu ndiyo yaliyokaa kimya, yamejipanga kama wageni waliokuja harusini kwa makosa.

Venanti akayasogelea. Akapiga la kwanza kwa kidole, kisha kwa ngumi.

"Labda hapa reso haishiki mawimbi," akasema.

Dusabe akainuka taratibu, akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamekataa kwa muda mrefu, akafungua kifuniko. Harufu ikatembea uani. Ilifika kwa waendesha taksi-moto kwanza, wakafumba macho.

"Ni maji," Venanti akasema.

Dusabe akachovya ncha ya kitenge, akanusa.

"Haya maji yako, Bwana Direkta, yananukia barabara ya Bujumbura."

Venanti akaangalia viatu vyake. Dusabe alibaki amepiga magoti akimngojea aseme, maana hilo ndilo alilolijia. Venanti alikuwa karibu kulisema. Mdomo ulishafunguka. Lakini nyuma kabisa sauti ikauliza, kwa adabu sana:

"Sasa... kwa vile ipo, itakuwaje?"

Venanti akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya kupotea.

"Itagawiwa!" akasema. "Kwa heshima ya marehemu! Kila mtu na bidoni lake, bure!"

Hawakusukumana. Walijipanga vizuri, padri akawatangulia kwa sababu ana wagonjwa wa kutembelea. Kila mtu alipata kidogo. Na kila esansi ilipoingia ndani ya bidoni, bidoni lilinyamaza katikati ya wimbo. Gitaa moja likapotea, kisha jingine, kisha ngoma. Waliopokea walipita mbele ya Dusabe wameinamisha vichwa, wakamshukuru kwa "murakoze" kana kwamba yeye ndiye aliyetoa. Nuhu alimwambia anakwenda nyuma ya ukuta kujisaidia. Alichelewa.

Mwisho likabaki bidoni moja linaloimba, la Dusabe. Mlinzi akamjia na mrija.

"Na wewe, mukecuru, bibi yetu?"

"Mimi sina safari," akasema.

Akarudi nyumbani amelikumbatia, likimwambia Bwana Venanti pole kwa penuri. Njiani pikipiki zilimpita zikilia kwa furaha, na pikapu ya redio ikampita pia. Direkta akampungia mkono. Wiki hiyohiyo alianzisha kipindi kipya cha saa kumi, na wasikilizaji wakarudi redioni, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa na bidoni tupu, au aliyekuwa nalo aliona haya kulifungua.

Siku iliyofuata sherehe, Nuhu alikuja kwa Dusabe kwa miguu. Alishika bidoni lake kwa mkono mmoja, la manjano kama lingine, bega limelala upande huo. Akaliweka juu ya sementi ya barazani, polepole mno, karibu na la Dusabe.

"Amahoro, mukecuru."

"Amahoro, mutoto wangu. Nimesikia pikipiki asubuhi, upande wa kwako."

"Ilikuwa ya jirani." Nuhu akafuta jasho. "Jana ulipoondoka niliwaambia watu: aibu! Niliwaambia, mimi nilimbeba huyu mtu mgongoni kwangu, kichwa chake kilikuwa hapa." Akagusa bega. "Mimi ninywe damu yake? Nikakataa. Langu liko tupu, kama lako. Tumebaki sisi wawili, nikaona nije tusikilize pamoja."

"Vizuri," Dusabe akasema. "Kaa."

Akampa kigoda na ndizi. Nguo za watoto wa Nuhu hazikuwa zimeanikwa juu ya pikipiki siku hiyo. Dusabe alikuwa ameshapita asubuhi na kuona. Wakakaa wakiangalia ziwa, na yeye akamwuliza habari za mke na za meno ya mtoto mdogo, na Nuhu akajibu yote mawili kwa ukweli.

Saa kumi ikafika. Bidoni la Dusabe likakohoa.

"Amahoro, Rumonge. Leo naanza na dedikasi. Ni ya ndugu yangu Nuhu, aliyenifunga mgongoni kwake akakanyaga mpaka miguu ikavimba. Nuhu, ndugu yangu, popote ulipo, shika paa!"

Gitaa likaanza, jembamba, kwenye bidoni moja.

Dusabe akaangalia lile la pili. Nuhu naye akaliangalia. Ndizi ilikuwa imesimama mdomoni mwake.

"Limelala," Nuhu akasema. "Ni uchovu wa njia tu."

"Liamshe basi," Dusabe akamwambia.

Nuhu akalishika mpini, akalitikisa kidogo, kwa adabu, na bidoni likamjibu ndani kwa ndani: chwa, chwa.