Sungura wa Fulana ya Njano

Alhamisi, tarehe tisa mwezi wa saba, jua lilitoka mapema, kali na kavu, baada ya mvua ya siku nne mfululizo. Kila mwenye kamba uani alijua kwamba leo ni siku ya kufua. Kwa Mama Midoli kamba zote zilijaa kabla chai haijachemka: vipande vya flaneli, vya shuka kuukuu, vya mabaki ya fundi cherehani, vyote vinadondosha maji juu ya matofali.

Mama Midoli alikuwa mjane. Alishona sungura, tembo na dubu wa kitambaa katika chumba cha mbele, juu ya meza ambayo mumewe alipokuwa hai ilikuwa ya kulia chakula. Mdogo wake ndiye aliyewauza sokoni. Mtaa mzima ulimwita huyo mdogo Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Dada," Kasuku alisema siku ile, akimpokea beseni, "wewe hata malaika akishuka humu ndani utamwambia avue mbawa zifuliwe kwanza."

"Akitaka nimshonee, atavua," alijibu Mama Midoli.

Hakuwa akitania sana. Zamani, alipoanza kazi, alishona tembo kwa mabaki ambayo hayakupita majini, na mtoto mmoja aliyemnyonya tembo yule masikio akaota vipele mdomo mzima. Mama wa mtoto hakugomba. Alimrudisha tembo, akamweka mezani, akaondoka bila neno. Kimya kile kilimwingia Mama Midoli kuliko matusi. Tangu hapo hakukata kitambaa ambacho hakijachemshwa, kikafuliwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi. Kisha, kabla ya mkasi, aliweka viganja vyake viwili juu ya kitambaa na kuomba ombi lile lile: "Mungu wangu, mkono huu usimwumize mtoto wa mtu." Wateja walimwamini kwa hilo. Waliokuwa na watoto wachanga walivuka masoko mawili kuja kununua kwake.

"Mtoto hamjui mdoli wake kwa macho," alizoea kuwaambia. "Anamjua kwa mdomo na kwa pua."

Wakiwa bado wanakamua, mlango wa mbele ulibishwa.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa dada wa fundi baiskeli wa pale kwenye kona. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, moja juu ya jingine. Mama Midoli alipomwona tu alijifuta mikono, maana mtaa wote ulikuwa umekwenda kuzika kwa fundi baiskeli wiki mbili nyuma. Homa ilikuwa imemchukua mtoto wao wa pekee, mvulana wa miaka minne.

"Karibu mwanangu. Poleni. Mama wa mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea wapi, mama." Msichana alikaa ukingoni mwa kiti. "Halali. Akipata nusu saa ni kudra. Kula ni kwa kulazimishwa kama mtoto. Jana ndiyo kwanza kafungua mdomo, kaniambia, wifi, nenda kwa Mama Midoli. Anataka sungura kwa hii fulana ya marehemu. Fulana yote, asibakize kipande."

"Ya marehemu."

"Aliyokuwa akilalia. Amesema ikiwezekana kesho kutwa, maana bila hiyo..."

Mama Midoli aliuliza yote anayouliza mshonaji makini. Sungura wa ukubwa gani? Wa kukumbatia. Masikio marefu au mafupi? Marefu. Macho ya vifungo au ya uzi? Wifi mtu hakujua, akasema vyovyote. Mama Midoli akaamua ya uzi, kwani kifungo humwumiza anayemlaza mdoli shavuni.

Msichana alipoondoka, Mama Midoli alijaribu kufungua mafundo yale. Yalikuwa yamekazwa kwa nguvu, kama ya mtu anayefunga asifungue tena. Akachukua mkasi akakata.

Fulana ilikuwa ya njano, imefifia mabegani, na kifuani ilikuwa na picha ya bata aliyebanduka nusu. Ilinuka jasho la homa na mafuta ya mtoto. Chini ya bata palikuwa na doa la dawa ya maji, la waridi, limekauka likawa gumu.

Kasuku alichungulia, na kwa mara ya kwanza siku ile akanyamaza.

"Maskini," alisema hatimaye. "Hata dawa haikumezwa yote."

Mama Midoli alilitazama lile doa, akamwona mama wa watu akiamka usiku na kulikuta mbele ya macho yake: kijiko, mtoto anageuza uso, dawa inamwagika. Akasema moyoni, hapana, hili lisirudi kwake. Fulana ile hakuichanganya na nguo nyingine. Aliifua peke yake, kwa maji ya vuguvugu ili bata asibanduke zaidi. Alilisugua doa kwa ndimu na chumvi kwa ncha ya kidole. Alibadilisha maji mpaka yakawa meupe kama ya kunywa, akaanika fulana upande wa jua, mbali na moshi wa jirani. Machozi yalimtoka akifua, na aliyaona kuwa sehemu ya kazi.

Jioni aliipiga pasi, akaweka viganja vyake juu yake, akaomba ombi lake. Siku ile aliongeza: "Na mama yake umpe usingizi."

Ijumaa nzima alimshona sungura yule. Alichora kwa chaki mara nne ndipo akakata, kwa sababu fulana ya mtoto wa miaka minne ni kitambaa kidogo, na hakutaka hata pindo lipotee. Mikono ya fulana ikawa masikio. Shingo yake yenye mpira ikawa shingo ya sungura. Bata alimpanga aangukie tumboni, katikati kabisa. Alipomgeuza nje kwa kijiti na kumjaza sufi kidogo kidogo, akizitafuta pembe za miguu kwa kidole gumba, Kasuku alisimama nyuma yake.

"Huyu hujapata kumshona, dada."

"Sijapata," alikubali Mama Midoli. Hakuona haya kusema hivyo. Macho aliyadarizi kwa uzi wa kahawia, yakatoka yametulia, ya kiumbe anayesikiliza.

Jumamosi asubuhi alitegemea kumwona wifi mtu. Walikuja watatu. Fundi baiskeli alitangulia, mikono yake ina grisi isiyotoka kwenye kucha. Nyuma yake alikuwa dada yake, amemshika mkono mama wa mtoto. Mama mwenyewe alikuwa amekonda mpaka gauni limekuwa la mtu mwingine.

"Ametoka mwenyewe," fundi baiskeli alimnong'oneza Mama Midoli mlangoni, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu mwenye njaa. "Nimemwambia dada atamletea, kakataa. Kavaa viatu mwenyewe."

"Mungu ni mwema," alisema Mama Midoli.

Akamtoa sungura chini ya kitambaa cheupe alichomfunikia, akampa kwa mikono miwili.

Mama wa mtoto alimpokea. Alimgusa bata kwa kidole. Midomo yake ilitikisika, ikataka kuwa tabasamu, na mumewe alipoiona aligeukia dirisha haraka. Kisha mama akafumba macho, akamwinua sungura, akauzika uso wake wote kwenye shingo yake, akavuta pumzi.

Akavuta tena. Akamgeuza, akamnusa tumbo, akamnusa masikio, sikio moja, la pili, miguu, kwa haraka, kama mbwa aliyepotewa na njia.

Alipoinua uso ulikuwa mtupu.

"Umefua," alisema.

"Nimeifua vizuri, mwanangu, kwa mkono. Lile doa la dawa nimelitoa lote, usije..."

"Umeifua."

"Ndiyo kawaida yangu. Kila kitambaa..."

Mama wa mtoto alikaa chini. Alikaa pale pale sakafuni, sungura mapajani. Hakulia. Aliongea taratibu, kama anayemweleza mgeni njia.

"Siku ya mazishi, mashangazi na majirani waliingia chumbani kwangu. Wakafua shuka. Wakafua mto. Wakafua nguo zake zote, wakazikunja, wakagawa. Walinifanyia wema. Niliporudi kutoka makaburini nyumba nzima ilinuka sabuni. Hii fulana nilikuwa nimeificha ndani ya gauni langu, ndiyo maana hawakuipata. Siku zote hizi nimeilalia usoni. Humo ndimo alimokuwa." Akapumua. "Ila fulana ni nguo. Leo au kesho mama mkwe angeiona, angesema lete niifue. Nikafikiri, nani anafua mdoli? Mdoli hakuna anayemfua. Nikimfanya sungura, hatamaliza kuondoka."

Nje kulikuwa na mtu anapiga mswaki na kutema.

"Wifi, hukuniambia," msichana alilia. "Ungeniambia ningemwambia!"

"Ningekwambia nini? Kwamba nanusa jasho la marehemu? Nyote mngesema nimerukwa na akili."

Ndipo Mama Midoli alipokumbuka mfuko. Alikimbilia chumba cha nyuma. Yeye hakutupa mifuko, na ule, japo ulikatwa juu, alikuwa ameupa kazi. Aliukuta nyuma ya cherehani umejaa sufi. Aliimwaga sufi yote sakafuni, ikaruka ikamwingia puani na kwenye nywele, akarudi mbio na mfuko mtupu akiubana mdomo kwa mkono, ili kilichomo, kama kimo, kisitoke.

"Ulikaa humu," alisema, anahema. "Fulana ilikuja humu. Jaribu, mwanangu. Huenda..."

Mama wa mtoto aliupokea, akaunusa kwa muda mrefu. Wote waliangalia mgongo wake ukipanda na kushuka. Fundi baiskeli alikuwa ameng'ata kidole chake cha grisi.

"Sufi," alisema mama wa mtoto. "Ni sufi na plastiki. Hakuna mtu humu."

Akaukunja mfuko vizuri, akaulaza sakafuni.

"Mke wangu," fundi baiskeli alipiga magoti kando yake. "Hakujua. Amefanya kwa moyo safi, unaona mwenyewe kazi yake."

"Hakuuliza."

"Hakuna ambaye angeuliza jambo kama..."

"Ameuliza masikio, ameuliza ukubwa. Wifi kanieleza yote. Alikata mafundo yangu matatu, hakujiuliza nani anafunga nguo chafu mafundo matatu, na kwa nini."

"Maji yakimwagika, dada yangu..." alianza Kasuku, ambaye hakuweza kuvumilia kimya.

"Nyamaza," Mama Midoli alimwambia. "Leo nyamaza."

Alipiga magoti naye, upande wa pili. Alitafuta ombi lolote kati ya yale aliyoyajua, asipate. Lile moja lililomjia ni lile la kila siku, la mkono usiomwumiza mtoto wa mtu, na alipolisikia ndani yake alitamani masikio ya moyo yazibe. Alikuwa ameliomba juu ya fulana hii akiwa ameshamaliza kuifua.

"Nisamehe," alisema.

Mama wa mtoto alimtazama. Hakukuwa na chuki machoni mwake. Chuki ingekuwa nafuu.

"Sijui kama ninaweza," alisema. "Kutoka hapa watu watakuja kwako. Mtaa huu hauna siri. Watakuambia, usijali, ulikuwa na nia njema, Mungu anaona moyo. Na wewe utatikisa kichwa, utakubali, utapona. Wale walionifulia shuka wote wamepona. Mimi nitabaki na sabuni." Akamwinua sungura kutoka mapajani, akamtazama yale macho ya kahawia yaliyotulia. "Ni mzuri. Ni mzuri sana. Siwezi kulala naye. Ananuka nyumba yako."

Akamweka juu ya meza, pale pale alipowekwa yule tembo miaka ile. Mumewe alimsaidia kusimama.

"Nimfanye nini?" aliuliza Mama Midoli kutoka sakafuni. "Niambie wewe. Usiondoke bila neno."

Mama wa mtoto alisita mlangoni. Jua lilikuwa nyuma yake, jua lile lile zuri la kufulia.

"Niahidi wewe mwenyewe utamfanya nini," alisema. "Kwa sauti. Hawa wakisikia."

Mama Midoli alishika ukingo wa meza, akasimama. Vipande vya sufi vilikuwa bado kwenye nywele zake. Aliwatazama mmoja mmoja: fundi baiskeli, dada yake, Kasuku aliyekuwa analia bila sauti, na mwisho mama mwenyewe. Akaweka viganja vyake viwili mezani, kila kimoja upande wake wa sungura, bila kumgusa.

"Mbele yenu nyote," alisema, "na mbele ya Mungu. Huyu simuuzi, simpi mtu, na simfui, hata vumbi likimfunika. Atakaa hapa mpaka siku utakayomtaka, na usipomtaka atakaa. Na yeyote atakayeniuliza, nitamwambia nilichokifanya. Sitamwambia kwamba nilikuwa na nia njema."