Vichwa Vitatu kwa Kimoja

Ulimi wa Clotilde ulikuwa bado unawasha. Juzi aligusa kipande cha sabuni kwa ncha ya ulimi, kama wapishi wa sabuni wafanyavyo kujua kama imeiva, na sabuni ikamchoma hadi machozi yakamtoka. Sasa alikuwa Lodwar, ukumbini mwa chuo, mbele ya mtihani wa kuingia kozi ya maabara, na kila alipomeza mate alimkumbuka Akoru.

Akoru ndiye aliyeikata sabuni ile kwa mikono mitupu. Kufikia jioni ngozi ya viganja ilikuwa imebambuka. Wa kulaumiwa hakutafutwa mbali. Kikundi chao cha Kakuma kilikuwa cha wanawake saba: Wakongo na Warundi wa kambini, na Akoru, Mturkana peke yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta maji kutoka kisima cha lagani, kwenye mto mkavu. Mafuta yalikuwa yale yale, sufuria ile ile. Basi, wakasema, ni maji. Mkutano wa kumtoa ukawekwa Alhamisi, saa sita mchana, na leo ilikuwa Alhamisi.

Clotilde hakuwa amesema neno. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini cha siku chache, kalamu mbili, na mtihani alioungojea miaka miwili. Mambo ya maji angeyaulizia akirudi. Ndivyo alivyojiambia, wala hakujiamini.

Swali la nne lilikuwa jepesi, karibu acheke. Gramu 840 za mafuta, ambazo ni moli moja, zinachemshwa na kostiki soda. Ni gramu ngapi za soda zitakazotosha? Akaandika mlinganyo, akausawazisha: mafuta moja, soda tatu. Mwalimu wake wa kidato cha tatu alizoea kusema kwamba moli ni hesabu ya vichwa, na mlinganyo hauna habari na mizani. Wewe hesabu vichwa kwanza, uzito utajileta wenyewe. Vichwa vitatu vya soda kwa kimoja cha mafuta. Moli ya soda ni gramu arobaini. Tatu mara arobaini, mia na ishirini. Akalipigia jibu mstari, akahamia swali la tano.

Kalamu ikagoma. Mia na ishirini?

Kwenye ukuta wa banda la sabuni palikuwa na namba nyingine, kwa mwandiko wake mwenyewe: kwa kila gramu 840 za mafuta, gramu 168. Hiyo ilikuwa ya potashi, waliyoizoea siku zote kwa sabuni yao laini ya ndoo. Wiki iliyopita potashi ilikosekana madukani, wakapata kostiki soda. Mama Daniella, mwenyekiti, akauliza watie kiasi gani, na Clotilde, msomi wa kikundi, akajibu bila hata kushika penseli: "Kilo kwa kilo."

Nani angembishia? Ndivyo walivyoishi. Kwenye kituo cha mgao, unga ukikosekana unapewa mtama, kilo kwa kilo, na unashukuru. Miaka tisa ya foleni ile ilikuwa imemzoesha hivyo, akaropoka kabla ya kufikiri. Na sabuni iliganda vizuri, ngumu, nyeupe, hata wakaipigia vigelegele.

Akahesabu pembeni mwa karatasi. Mafuta waliyotia yalikuwa kilo nane na gramu mia nne: moli kumi, za kutosheka na moli thelathini za soda. Lakini soda waliyotia, gramu 1,680 zile zile za potashi, ukiigawa kwa arobaini, ilikuwa moli arobaini na mbili. Moli ya soda ni nyepesi kuliko ya potashi, kwa hiyo uzito ule ule hubeba vichwa vingi zaidi. Moli kumi na mbili zilibaki bila mafuta ya kushikana nayo, zikalala ndani ya sabuni zikiisubiri mikono ya Akoru.

"Ni mimi," alinong'ona.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo. Mtihani ungeisha saa saba, na simu zote zilikuwa sandukuni, mezani kwa msimamizi, Bwana Aregae. Maswali sita yalibaki. Angeweza kuyamaliza kwanza, kisha apige simu na kusema ukweli ule ule, ila Akoru angekuwa amekwisha kufukuzwa mbele ya watu. Angeweza pia kujitia hamnazo moja kwa moja. Hakuna mwingine kikundini aliyejua moli ni mdudu gani. Wazo hilo la mwisho lilimtisha kwa sababu lilikuwa tamu.

Akainuka.

"Ukitoka hurudi," alisema Bwana Aregae kwa sauti ya chini. "Na karatasi naichukua ilivyo."

"Najua, mwalimu."

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Kuna mtu anasingiziwa."

Aregae alimtazama kidogo, kisha akamtafutia simu yake.

Nje jua lilikuwa la utosi. Mama Daniella alipokea mara ya tatu.

"Clotilde? Tuko mu mkutano. Umeshamaliza?"

"Mama, maji hayana kosa. Kosa ni langu."

"Unasema nini, weye?"

"Soda ilizidi. Mimi ndiye niliyesema kilo kwa kilo. Weka sauti juu, mama, Akoru asikie."

Kitufe kikalia. Kisha mwangwi wa banda, na kikohozi cha mtu. "Haya. Sema tena."

Akasema tena, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi. "Sabuni msiimwage," akaongeza haraka. "Iyeyusheni kwa maji, muongeze mafuta moli nne. Yaani kilo tatu, gramu mia tatu na sitini. Ile soda iliyobaki itapata cha kushikana nacho."

"Hayo mafuta tutayatoa wapi?"

"Kwangu. Mgao wetu uko chini ya kitanda. Yakipungua, nitaazima."

Jumatatu alipofika bandani, sabuni iliyopikwa upya ilikuwa imepangwa juu ya ubao, wala hakuna aliyekuwa ameigusa. Majibu ya Lodwar yangetoka mwezi ujao, hakuna aliyeyauliza. Akoru alikuwa ameketi juu ya dumu tupu, mikono imefungwa vitambaa.

"Ejok, mama Akoru," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok." Akavuta kitambaa kilicholegea. "Maji yangu ilikuwa mbaya siku ngapi?"

"Siku mbili, mama."

"Na hiyo hesabu yako iko sawa sasa?"

"Iko sawa."

"Nawa, mwalimu."

Clotilde akagusa kipande kwa ulimi kwanza. Hakikuuma. Akoru akatikisa kichwa. Si ulimi uliobambuka, ni viganja. Basi akanawa, povu likampanda hadi viwikoni, na alipotaka kusuuza, Akoru akasema, "Ngoja." Akangoja. Hesabu alikuwa ameirudia mara kumi, na bado kila jasho lililomtekenya lilimshtua. Mama Daniella alitazama chini.

Mwishowe Akoru aliinuka, akamgeuza viganja kwa ncha za vidole vilivyochomoza vitambaani, akavikagua kama kwato za mbuzi. Kisha akalisukuma lile dumu tupu kwa mguu, likasimama mbele ya Clotilde.

"Kisima unajua?"

"Sijui, mama."

"Twende."

Clotilde akalishika dumu kwa mikono ya povu. Likamteleza. Akalishika tena, akamfuata.