Gamba Lipi?

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu tu, lakini Mama Koleo aliisoma mara mbili: "Mimi, mbanguaji wa meza ya tatu, nakiri kwamba kwa uzembe wangu niliacha gamba la kaa ndani ya nyama, mteja akajeruhiwa ulimi." Asipotia sahihi, kazi ya miaka kumi na tisa imekwisha. Akitia, jina lake limekwisha.

"Tia sahihi, mama, tusipotezeane muda," alisema msimamizi mpya wa kiwanda cha kubangua nyama ya kaa. Asubuhi ile alikuwa ameisoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya wabanguaji wote.

"Gamba lipi?"

"Gamba ni gamba."

Wifi yake, ambaye ni mwenzake wa meza moja na aliyemfuata mpaka mlangoni mwa ofisi, aliangua kicheko. "Makubwa haya! Bwana mkubwa kaa anamjua kwa picha!"

"Kaa havai nguo moja mwili mzima," alisema Mama Koleo, kila neno akilitua mahali pake. "Gamba la mgongoni ni jembamba, ukilibonyeza linanesa kabla ya kuvunjika. Kwenye viungo hakuna gamba gumu hata kidogo, ni utando unaokunjika kama ngozi ya kiwiko. Gumu la kweli liko kwenye ncha za gando, nako ndiko kweusi. Nionyeshe hicho kipande."

Msimamizi alikitoa katika bahasha. Kilikuwa kinene, cheusi tii, chenye makali kama kigae.

"Haya! Meza ya tatu tunabangua miili. Magando hayajapita mikononi mwangu tangu ulete mashine yako ya kuyaponda. Nami nilikuambia siku ile ile: shina la gando na ncha yake havipigwi kwa nguvu moja, ncha itaruka vipande. Ulinijibu nini?"

Msimamizi alikirudisha kipande ndani ya bahasha.

"Mjibu wifi yangu," alichokoza wifi, "au na wewe umekatwa ulimi?"

"Basi, mama, yaishe. Rudi kazini. Karatasi nitaichana."

"Uichane? Uliponiita mzembe, ulininong'oneza? Mwanangu, ulinipakaza hadharani, na hadharani ndiko utakakonisafishia. Sitakaa kwenye meza ile kabla ya hapo."

Msimamizi alimtazama wifi, kana kwamba angepata msaada kwake. Akakuta amekwisha kumfungulia mlango. Walitoka wote watatu. Katika chumba cha kubangulia, mashine ilikuwa ikinguruma.

"Izime kwanza," aliamuru Mama Koleo, "pasiwe na mtu wa kusema hakusikia."

Akaizima. Visu na koleo vikatulia mezani.

"Jamani," alianza msimamizi, akikohoa, "mbanguaji wa meza ya tatu hana kosa."

"Endelea," alisema Mama Koleo, angali amesimama. "Sema kosa ni la nani."