Kioo Kisicho na Mvua

Mkuu wa bandari aliiona mvua kuwa uchafu tu kwenye kioo cha rada. "Mama Rada, chuja hayo madoa, nataka nione vyombo tu," aliamuru miaka sita iliyopita. Mwendesha rada akatii, maana mkubwa hakosei, na kichujio hakikuzimwa tena.

Asubuhi ya leo Mama Rada alimwita redioni mdogo wake, nahodha wa kivuko. "Vuka tu, mdogo wangu, kweupe."

"Kweupe gani, dada? Mvua inanichapa, sioni hata mbele ya chombo!"

Akazima kichujio. Dhoruba ikajaa kioo kizima, ikaimeza nukta ya kivuko. Aliita na kuita, hakujibiwa. Alipowasha kichujio tena, kioo kilitakata kama mkuu alivyopenda, hakina mvua wala kivuko.