Jembe Lililojifungia Ndani ya Gari

Kwetu, mtu anayekwenda kuposa haingii kwa wakwe na kitu kinacholia mfukoni. Kikilia, wakwe watasema amekuja kununua, hakuja kuomba. Sheria hiyo alinipa babu yangu kule Fizi, na kama hakunipa yeye basi niliitunga mwenyewe, lakini ni sheria nzuri.

Njo maana Jumamosi ile, tulipofika Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, niliwaamuru watu wangu wamwage mifuko. Tulikuwa watatu: mimi Asani, dereva mstaafu wa malori na msemaji wa posa, Cadeau, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwenye kutafuta mke, na shangazi yake Rosalie. Simu, sarafu, rozari ya Rosalie, vyote vikaingia katika kikapu kwenye kiti cha mbele. Cadeau alikuwa ndiye shofere wetu, na ni kijana mtiifu. Alitia ufunguo wa gari kikapuni pamoja na vingine, akabonyeza vifungio vya milango, akaufunga mlango wa mwisho kwa adabu.

Tulipiga hatua chache kuelekea nyumbani kwa wakwe. Rosalie akasimama.

"Cadeau, baba, tutafungua na nini?"

Cadeau akarudi, akatazama kupitia kioo. Ufunguo ulikuwa umelala juu ya rozari, kama umeokoka. Gari lenyewe tuliazimwa na Evariste, mwimbishaji wa kwaya, na ufunguo wake wa pili ulikuwa Dzaleka. Kumpigia simu hatukuweza hata kwa simu ya jirani, maana namba yake hakuna aliyeijua kichwani. Zote zilikuwa ndani ya simu zetu, na simu ndani ya kikapu. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto, upana wa kidole, na kidole hakifiki popote.

"Tuvunje vitre," Cadeau akasema.

"We mutoto," Rosalie akamjibu, "siku ya kuposa unavunja kioo? Ile nyumba yako utaianza na bipande?"

Nyuma ya kiti kulikuwa na kitenge cha mama mkwe, galoni la kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na jembe jipya lenye utepe mwekundu kwenye mpini. Jembe ndilo posa yenyewe. Mzee Ntahomvukiye, baba mdogo wa mchumba Nishimwe, na ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa ametuma neno mapema: jembe lisipofika mkononi mwake kabla ya chakula cha mchana, turudi tulikotoka, na Cadeau asije mara ya pili. Nishimwe mwenyewe alikuwa amefichwa chumba cha ndani, kama desturi inavyotaka, na nadhani alikuwa akitazama kupitia pazia, kama desturi isivyotaka.

Harufu ya nsima, ugali wa huku, ilikuwa imeanza kutoka jikoni.

Tukaingia mikono mitupu. Mzee Ntahomvukiye alikuwa ameketi mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimfahamu tangu tuliposali kanisa moja kule kambini. Ni mtu mwema, ila hawezi kuuona uongo umelala njiani akaupita bila kuuokota. Mtu akitoa ushuhuda kwamba Mungu alimpa ng'ombe, yeye husimama nyuma na kuuliza: ilikuwa ya rangi gani?

"Papa Asani," akasema, "jembe iko wapi?"

"Iko mu motokari. Imejifungia."

"Imejifungia namna gani?"

"Kutoka ndani," nikasema, nikaketi. "Mzee, lile si jembe la kuchezea. Lilifuliwa kwetu Fizi na chuma kilichodondoka kutoka juu. Babu alilisahau shambani usiku mmoja tu. Asubuhi akakuta limelima shamba lake, limelima la jirani, limefika ziwani na linatafuta njia ya kuzunguka. Jirani akatupeleka kwa chifu."

"Kwa kosa gani?"

"Jirani alikuwa ameshapanda mihogo."

Mke wa mzee akacheka huko ndani, akajifanya anakohoa. Mzee Ntahomvukiye hakucheka.

"Jembe ya babu yako, na umesema imefungwa utepe mupya?"

Sikuwa nimesema. Kumbe alikuwa ameshatuchungulia tangu tulipoegesha gari, na alijua kila kitu. Nikaendelea tu: jembe hilo halimfungulii mgeni, linamngoja mwenye nyumba. Wakati huohuo simu moja ikaanza kulia ndani ya gari, ule wimbo wa kwaya wa Rosalie, na watu waliokuwa wameanza kukusanyika kando ya barabara wakasikia wote.

"Na sasa inapiga simu?" mzee akauliza.

"Inakuita wewe."

Hapo akasimama. Hakukasirika. Alisimama kama mtu anayekwenda kunyoosha picha iliyopinda ukutani. Akafungua waya wa kuanikia nguo, akaukunja ncha kwa meno, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari. Mimi nikamfuata nyuma, kofia mkononi. Akapitisha waya kwenye ule uwazi wa kioo, akanasa kifungio mara ya kwanza kikamponyoka, mara ya pili kikapanda. Mlango ukafunguka. Akaingiza mkono, akalitoa jembe, akalinyanyua juu ili Chinsapo nzima ilione.

"Muone wenyewe," akasema. "Jembe ya duka. Bado iko na rangi. Hii haijalima hata bustani ya vitunguu."

Nikainama mpaka kofia ikagusa vumbi.

"Zikomo, asante, mukwe wetu. Umelipokea kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya bantu, na chakula cha mchana bado hakijaliwa."

Rosalie akapiga vigelegele. Dirishani pazia likatikisika. Nikamsukuma Cadeau apige magoti.

Mzee Ntahomvukiye akalitazama jembe lililokuwa mkononi mwake. Angeweza kulirudisha kwenye gari. Nilimwona akiwaza, na nilimwona pia akisikia kicheko cha Nishimwe kutoka chumba cha ndani, kicheko alichokuwa amekilea miaka mingi. Akaliegemeza jembe begani.

"Papa Asani, we uko muongo," akasema taratibu. "Ingieni tukule."

Wiki mbili baadaye aliniletea ujumbe Dzaleka kupitia kwa Cadeau. Alisema amelilaza jembe uani kila usiku, akalichungulia kila asubuhi, na halijasogea hata kidogo.

Nikamjibu kwamba linangoja mvua.