Siku Kibondo Ilipoitikia Indidi

Kuruthumu hakuwa bubu, ila kwa miaka mingi watu wa Kibondo walikuwa hawajaisikia sauti yake kwenye kikao chochote. Dukani alisema. Akitandaza khanga juu ya meza, maneno yake yalimfanya mnunuzi aliyetoka Busunzu asahau kwamba alikuja kununua chumvi tu. Lakini pakiitishwa mkutano, uwe wa msikiti, wa ukoo au wa wenye maduka, shemeji yake Abdalah alisimama, akaweka sawa kofia yake na kusema, "Shemeji yangu anaona hivi." Basi hivyo ndivyo Kuruthumu alivyoona, hata kama alikuwa bado hajaona chochote.

Abdalah hakuwa mtu mbaya. Kaka yake, mume wa Kuruthumu, alipofariki, yeye ndiye aliyeezeka upya paa la duka, na kila Ijumaa alimletea mjane nyama. Tatizo lake ni kwamba alimchukulia Kuruthumu kama chungu cha amana: unakifunika, unakiweka pembeni, hukitikisi. Wachumba wawili watatu waliwahi kubisha hodi. Aliwarudisha wote, na Kuruthumu akaja kupata habari zao sokoni, tena mmoja akiwa ameshaoa kwingine.

Mwaka wa sabini na tano, waliomaliza kisomo cha watu wazima pale mjini waliomba wafundishwe na Kiingereza. Watu walicheka. Kusoma gazeti sawa, lakini Kiingereza utaongea na nani, na migomba? Mwalimu Venanti, kijana wa Muyama aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, hakucheka. Akawa anawakusanya alasiri watoto wakishatoka, watu wazima wamejibana kwenye madawati madogo, magoti karibu yaguse videvu. Kuruthumu alikaa dawati moja na Esteri, mama aliyekimbia kutoka Burundi na sasa analima maharage ng'ambo ya mto. Esteri alikuwa na Kifaransa chake cha misheni, kwa hiyo Kiingereza alikipitishia puani, na darasa zima lilipenda kumsikia.

Siku moja Venanti akawafundisha maneno ya mkazo.

"Mwingereza akitaka umwamini," alisema, "hasubiri mwisho wa sentensi. Neno la mkazo analiweka mbele kabisa. Kisha anatua. Anavuta pumzi. Ndipo anasema lake. *Indeed, the beans are good.* Kwa hakika, maharage ni mazuri."

Kuruthumu akanyoosha mkono. "Na pale anapotua, mwalimu, mtu mwingine anaweza kumwingilia?"

Venanti alifikiri kidogo, maana hakuwahi kuulizwa hivyo. "Hapana, Bi Kuruthumu. Akishasema *indeed*, wote wanajua kuna neno linakuja. Wanamsubiri."

Siku hiyo Kuruthumu hakusikia tena kilichofundishwa. Alikuwa akikizungusha kile kineno mdomoni kama pipi. Kumbe yapo maneno ambayo ukiyatanguliza tu, watu wananyamaza!

Aliyakusanya yote. *Certainly*, bila wasiwasi. *Undoubtedly*, bila shaka yoyote, ingawa kwake lilitoka "andautedli" na lilimtoa jasho. Aliyatumia dukani pasipo huruma. "Certainly, shuka hii haichuji." "Indeed, chenji sina." Wateja walidhani ni majina ya vitambaa vipya, na mama mmoja aliondoka kwa hasira kwa sababu hakuonyeshwa hiyo andautedli.

"Dada," Esteri alimwambia wakitoka darasani, "sasa hata kukohoa unaanza na *certainly*."

Venanti naye alimwonya kwa adabu. "Bi Kuruthumu, mkazo ni kama pilipili. Ukiitia kwenye kila tonge, mtu hajui tena anakula nini."

"Certainly, mwalimu," akajibu, halafu akaziba mdomo, wote watatu wakacheka mpaka wakashikilia ukuta.

Haukupita muda darasa la Kasulu likatuma mwaliko: njooni tushindane kwa mdahalo, kwa Kiingereza. Hoja ilikuwa kwamba redio ina faida nyumbani kuliko baiskeli. Kibondo watetee redio, Kasulu watetee baiskeli. Venanti akamchagua Kuruthumu kuwa msemaji wa Kibondo, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye sauti ya kufika nyuma ya ukumbi.

Lori la ushirika likawapeleka, wanafunzi na wasindikizaji, wakiimba njia nzima na vumbi jekundu likiwapaka nyusi. Abdalah naye alipanda. Alikuwa amevaa koti.

"Nitasimama pembeni yake," alimwambia Venanti. "Akikwama, nitasema shemeji yangu anaona nini."

"Kwa Kiingereza, mzee?"

Abdalah akatazama vilima.

Ukumbi wa Kasulu ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Msemaji wa wenyeji alikuwa Gharibu, mgane mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale mjini, mrefu, mpole, mvi zimeanza kumchungulia ndevuni. Alisema vizuri. "*Frankly*," alianza, yaani kusema kweli, "mama yako akiugua, redio haitampakia nyuma ikampeleka hospitali." Kasulu wakapiga makofi na kugonga madawati. Kuruthumu mwenyewe alipiga makofi, mpaka Esteri akamfinya.

Zamu yake ikafika. Akatembea hadi mbele, akajitanda khanga yake vizuri.

"Indeed," alisema.

Ukumbi ukanyamaza. Hata waliokuwa madirishani walinyamaza. Kuruthumu aliwatazama wote wale, wamemgeukia, wanamsubiri yeye, wala hakuna aliyesimama kumsemea. Kifua kilimjaa furaha, na furaha ile ikaisukuma nje hotuba yote aliyokariri. Hakuna kilichobaki. Akatafuta, hakupata.

"Indeed!" akasema tena, kwa nguvu zaidi, pengine sentensi ingetoka ilikojificha.

Kule nyuma alikuwepo Stanislaus, mkulima wa Murungu aliyepanda lori kwa kusindikiza tu na hajui neno hata moja la Kiingereza. Yeye alidhani ni wito kama ule wa mikutano ya Chama, kwamba msemaji anaita na wananchi wanaitikia. Akaona aibu kwamba watu wa Kibondo wamekaa kimya. Akasimama, akarusha ngumi juu.

"Indidi!" akanguruma.

"Indidiii!" wakaitikia wasindikizaji wote wa Kibondo, na Abdalah katika koti lake akiwa miongoni mwao.

Venanti alifunika uso kwa mikono. Lakini Kuruthumu alicheka. Alicheka kicheko chake cha dukani, kile cha tumboni, na hofu ikaanguka chini. Hotuba aliyokariri haikurudi. Alisema ya moyoni mwake, kwa Kiingereza kidogo alichokuwa nacho. Baiskeli, alisema, inaleta nyumbani mtu mmoja, tena ana njaa. "The radio brings the whole world to my house, and I do not cook for it!" Redio inaniletea dunia nzima, na wala siipikii! Waliofahamu waliangua kicheko, wasiofahamu wakatafsiriwa, kikazuka kicheko cha pili.

Kisha akashusha sauti. "Certainly," akasema, akatua. "Tangu mume wangu afariki, redio ndiyo inayoniamkia asubuhi. Bila redio, nyumba ingesahau sauti ya mtu."

Hapo hakuna aliyecheka. Gharibu aliitwa kujibu hoja. Akasimama.

"*Honestly*," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli tupu, "sina jibu. Nyumba yangu pia iko kimya. Kesho nitanunua redio."

Kasulu wakamzomea, wakamcheka, mmoja akamrushia kofia. Waamuzi hawakuwa na la kufanya: msemaji amejisalimisha mwenyewe. Ushindi ukaenda Kibondo, na wenyeji wakawalisha wageni wao wali na maharage hadi wakashindwa kupanda lori.

Ijumaa iliyofuata Gharibu alikuja Kibondo na wazee wawili wa Kasulu. Abdalah aliwapokea sebuleni kwa Kuruthumu, akawaandalia kahawa. Kuruthumu alikuwa nyuma ya pazia na alisikia kila kitu: salamu, habari za mvua, habari za barabara, kisha posa yenyewe, iliyosemwa kwa heshima.

Abdalah akaweka sawa kofia yake. "Shemeji yangu anashukuru sana," akasema. "Ila anaona kwamba kwa umri wake..."

Pazia likafunguka.

"Kwa hakika," alisema Kuruthumu, akatua. Akavuta pumzi. Vikombe vilisimama hewani. Hata Abdalah alisubiri, mdomo wazi. "Kwa hakika, shemeji, mimi bado sijasema."

"Lakini shemeji, haya ni mambo ya wanaume kuzungumza..."

"Hapana, Abdalah," mzee mmoja wa Kasulu akaingilia taratibu. "Hapo dini iko wazi. Mwari akinyamaza ameridhia. Mjane husema kwa ulimi wake. Sema, binti yangu."

Kuruthumu akamgeukia Gharibu. "Duka langu silifungi. Na Kasulu sihamii."

"Baiskeli ziko Kibondo pia," alijibu Gharibu. "Na zinapata pancha."

"Basi nimekubali."

Wazee wakasema alhamdulillahi. Abdalah aliweka kikombe chake chini. Akainua uso, macho yamelowa kidogo.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa nasema peke yangu?"

"Ulikuwa unasema vizuri sana, shemeji," Kuruthumu akamwambia, akaketi karibu naye. "Ila hayakuwa yangu."

Abdalah akajaribu kununa, akashindwa. Ndiye aliyenunua mbuzi wa harusi, na hakukubali mtu mwingine amchinje. Ndoa ilifungwa Kibondo, mwanzo wa mvua za vuli. Venanti alivaa tai. Esteri aliwaleta wenzake, wakapiga makofi na kucheza kwa mikono iliyoinuliwa kama walivyokuwa wakicheza kwao, na wanawake wa Kiislamu wakawajibu kwa vigelegele mpaka haikujulikana tena ngoma ni ya nani.

Katikati ya hayo likaja lori lenye mali ya duka la bwana harusi kutoka Kasulu. Walipofungua ubao wa nyuma, kamba ikakatika, na magurudumu ya baiskeli yakamwagika yote na kuanza kuteremka kilima, yakimeta, yakirukaruka kwenye mashimo. Gharibu akakunja kanzu yake mpya, akatimua mbio kuyafuata. Wageni wakamfuata, Stanislaus mbele, Abdalah akihema nyuma yao. Kuruthumu alisimama kizingitini na hina mikononi, akawashangilia kwa sauti yake yote, akiwaelekeza: hilo liko kwenye migomba, hilo linaingia kwa jirani, kimbieni!